Manifoldi Niliyoikaza Kama Geti

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nitaikumbuka hata nikizeeka kuliko hivi nilivyozeeka sasa. Usicheke. Ni kweli niko kidato cha nne na ndevu zangu bado zinakuja moja moja, kila moja na siku yake. Lakini wewe uliyeingia Gredi ya Kumi juzi, hata darasa lako na langu hayana jina moja. Sisi ni watu wa Fomu, na tukiondoka hakuna wengine wanaokuja nyuma. Mtu wa kizazi kinachoisha akikwambia keti, keti. Na hilo andazi nigawie kabla halijapoa. Kwetu husemwa kwamba mwerevu ni yule aliyeshauriwa. Mimi nilichelewa kushauriwa, ndiyo sababu nina hadithi ya kukupa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya likizo ya Aprili, nyumbani kwetu Theta. Tumetoka kanisani, mama amepika chapati na ndengu, na dada yangu Njeri amepanga vikombe, akavipangua, akavipanga tena. Tulikuwa tunamngojea Wafula.

Wafula ni kijana wa kutoka magharibi, karibu na mpaka, na ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja Thika. Ni mrefu, mpole, na alikuwa amependa vitu viwili duniani: Njeri, na gari lake dogo jekundu lililozeeka kuliko mimi. Ukimuuliza kipi kinatangulia, anakohoa.

Gari hilo alikuwa amelifunga turbo. Kama hujui turbo, nitakueleza kwa lugha ya jikoni. Injini ikipumua inatoa moshi wa moto. Watu wa kawaida huuacha moshi uende zake. Turbo huudaka, ikautumia kuzungusha feni, na ile feni ikaisukumia injini hewa nyingi zaidi, gari likapata nguvu ambazo halikuzaliwa nazo. Sasa, kati ya injini na turbo kuna mabomba ya chuma yanayokusanya ule moshi wote na kuupeleka mahali pamoja. Hiyo ndiyo manifoldi. Ndiyo inayokaa kwenye moto mkali kuliko yote, mpaka inakuwa nyekundu, na juu yake imebebeshwa turbo kama mama aliyebeba mtoto na maji ya kupika kwa wakati mmoja. Ikipasuka, turbo haina kazi, injini inakohoa, na wewe unatafuta kamba.

Basi siku hiyo hatukusikia gari. Tulisikia trekta. Lilikuwa trekta la jirani, limejaa majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, nyuma yake kamba, nyuma ya kamba gari jekundu, na ndani ya gari Wafula na shati lake jeupe, ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha.

Mama alitoka akasimama mlangoni, akafuta mikono kwa leso.

"Nimeona ng'ombe akija kwa kamba," akasema polepole. "Nimeona mbuzi wa ruracio, wa mahari, wakija kwa kamba. Mkwe kuja kwa kamba, hii ndiyo mara ya kwanza."

"Pole, Mama," Wafula akasema. "Ni manifoldi imepasuka."

"Na Krismasi, ulipokosa kufika, ilikuwa nini?"

"Ilikuwa manifoldi, Mama."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama hakucheka. Alimpa chakula, akamwongezea, maana kwetu mtu huhukumiwa akiwa ameshiba. Kisha akasema neno lake.

"Wafula, mimi sina ubaya na gari. Ungekuja na boda ningekupikia ndengu hii hii. Shida yangu ni kwamba unasema utafika halafu hufiki. Umesema mwezi wa nane utaleta baba yako na wazee wenu, na umesema utamleta mzee kwa hili gari lako. Haya. Siku hiyo ukija kwa kamba, Njeri atabaki hapa, na wewe utarudi na kamba yako."

Akatoka nje, akaifungua ile kamba kutoka kwa gari, akaikunja vizuri, akaitundika kwenye msumari wa nguzo ya geti. "Itakungojea hapa," akasema.

Njeri aliinuka. Alichukua vyombo akaenda kuviosha, na vilikuwa tayari vimeoshwa.

Hapo ndipo mimi, mwanangu, nilipofungua mdomo. Wakati wa likizo nilikuwa nafanya kazi kwa mjomba wangu Ndung'u, mwenye karakana ya mageti kule Gatongora, Ruiru. Nilikuwa nimejua kuchomelea, na kijana aliyejua kuchomelea juzi huona dunia nzima ni vyuma viwili vinavyomngojea. Nikamwambia Wafula, "Shemeji, hizo manifoldi zako za kununua ni karatasi. Niachie mimi. Nusu ya mageti ya Gatongora nimeyachomelea kwa mkono huu." Haikuwa nusu. Lakini mwenye kujisifu hapimi.

Kule kwa mjomba kulikuwa na sheria moja ya kazi: geti likitikisika, ongeza chuma. Mteja akija akilisukuma kwa bega likatikisika hata kidogo, mjomba anaita, "Mbugua, ongeza chuma." Tunaweka kipande cha kukingama, tunachomelea, tunapoza kwa ndoo ya maji, tunalainisha kwa grinda, tunapaka rangi. Ni sheria nzuri sana kwa mageti.

Nikatengeneza manifoldi ya Wafula kwa sheria hiyo. Mabomba manne kutoka midomo minne ya injini, yakakutana mbele pale turbo inapokaa, na katikati ya bomba na bomba nikatia vyuma vya kushikilia. Nikaipaka rangi ya fedha. Mjomba akaja akaisukuma kwa bega kwa mazoea. Haikutikisika. "Hii hata mwizi ataiheshimu," akasema. Wafula akanikumbatia mbele ya watu wa Gatongora mpaka nikaona haya.

Gari lilikwenda kwa siku chache, likiimba. Halafu likaanza kutoa sauti, tatatata, kama bisi kwenye sufuria. Ufa ulikuwa kwenye mguu wa bomba la kwanza. Nikaongeza chuma hapo. Ukatokea kwenye bomba la tatu. Nikaongeza chuma. Kamba hukatikia pembamba, ndivyo tulivyofundishwa, kwa hivyo nikaona dawa ni kuhakikisha hakuna mahali pembamba palipobaki. Mimi ni wa shule ya kutwa, kwa hivyo kila Jumamosi ya muhula wa pili Wafula alikuja kunikuta Gatongora, na kila Jumamosi niliongeza chuma, mpaka ile manifoldi ikawa na nondo nyingi kuliko dirisha la duka la pombe. Mwishowe likapasuka lile bamba nene lenyewe linalofungwa kwenye injini, ambalo hata kwa nyundo usingelivunja.

Julai ilikuwa inaisha. Jioni moja Njeri alinikuta nikivua buti, akaketi karibu nami. "Mbugua," akasema, "itafika?"

Nikamwambia, "Ikikataa utaisukuma. Wewe umelelewa na chapati, uko na nguvu."

Hakucheka, wala hakukasirika. Alinitazama tu kama anayengoja nimalize, kisha akaenda zake. Mwanangu, utani ni kama chumvi, na mimi nilikuwa nimeimwaga kwenye chai. Ndiyo siku ya kwanza niliposikia mzaha wangu ukianguka chini.

Jumamosi haikufaa kwa jambo nililotaka, yaani kushauriwa, kwa hivyo tukaenda Jumapili mchana, mimi na Wafula, tukiwa na ile manifoldi ndani ya gunia, mpaka Kiganjo kule Thika, kwa mama mmoja fundi wa ekzosi, mabomba ya moshi wa gari, anayeitwa Mama Ekzosi. Jumamosi hapatikani, yeye ni Msabato. Jumapili, wakati wengine wako kanisani, grinda yake ndiyo kengele ya mtaa. Alitoka magharibi kama Wafula miaka mingi iliyopita, na hana unyenyekevu hata wa kuazima. Kibao chake kimeandikwa EKZOSI ZOTE HUJA HAPA MWISHO.

Wafula akaitoa kwenye gunia, akaiweka chini. Mama Ekzosi akaizunguka.

"Hii ni geti ya nani?" akauliza.

"Ni manifoldi, Mama," nikasema.

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza ni geti ya nani."

"Ni yangu."

"Wewe ndiye umefunga hii kitu pingu hivi? Ilikuwa imeiba nini?"

Watu wa boda waliokuwa hapo kivulini wakacheka. Nilikuwa nimezoea kuchekesha, mwanangu, sikuwa nimezoea kuchekwa. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba vyuma viliwekwa ili isivunjike.

"Na imevunjika?"

"Imevunjika."

"Kwenu mna nyumba ya mabati?"

"Ndiyo."

"Mabati hulia saa ngapi?"

Nikafikiri. "Asubuhi jua likipanda. Na jioni jua likienda."

"Kwa nini?"

"Asubuhi yanatanuka. Jioni yanarudi."

"Sasa jua tu, jua hili la kuanikia dagaa wa omena, linafanya bati linyooshe mguu mpaka unasikia ukiwa kitandani. Hii yako inapigwa na moto wa injini mpaka inakuwa nyekundu. Mabomba manne, kila moja linashika moto kivyake, kila moja linataka kunyoosha mguu kivyake. Na wewe umeyafunga pamoja kama wafungwa. Huyu akinyoosha, yule anamvuta. Ni lazima mmoja avunjike, na ukimsaidia huyo, atavunjika jirani." Akaipiga teke kidogo. "Wewe unajua kukaza tu. Kushika si kukaza, kijana."

Maneno hayo matatu, kushika si kukaza, ndiyo yaliyonifanya nikuite hapa leo. Lakini ngoja, hatujafika.

Alichukua grinda akakata nondo zangu zote, moja baada ya nyingine, cheche zikiruka, na mimi nikazipanga kando kama mtu anayeokota meno yake. Alipomaliza akasema mabomba yenyewe hayafai, tuanze upya, na kazi nitaifanya mimi. "Mkono wako si mbaya," akasema. "Ni kichwa tu kilikuwa geti."

Siku za mwanzo wa likizo ya Agosti nilizimalizia Kiganjo. Alinipa bomba nene, la aina inayopitisha mvuke viwandani, si lile jembamba la samani. Lile bamba la kwenye injini tukalifunga kwa bolti juu ya kichwa cha injini iliyokufa kabla sijaligusa kwa moto, maana alisema chuma kikichomelewa hujikunja kama mtoto anayenyolewa, mpaka ashikwe kichwa. Nikawa nachomelea kidogo huku, naacha, nachomelea kidogo kule. Nilipomaliza nikainuka kutafuta ndoo ya maji, kama kwa mjomba, akanishika kola. Akanionyesha pipa la majivu ya jiko, bado yana joto. Tukaizika humo, ikalala mpaka ilipopoa kwa mapenzi yake.

Halafu kukawa na mahali pamoja ambapo bomba lilikatwa vipande viwili, na kipande kimoja kikaingia ndani ya kingine kama mkono katika shati.

"Hapa nachomelea lini?" nikauliza.

"Hapa huchomelei."

"Moshi utatoka, Mama."

"Utatoka asubuhi ikiwa baridi. Ikipata moto itatanuka, ijifunge yenyewe. Kwani wewe ukiamka unaamka umefunga mdomo?"

Chini ya turbo akanifanya niweke mkono wa chuma wa kubeba uzito, na tundu la bolti yake likawa refu, si duara, ili mkono uweze kuteleza. Alisema mzigo wa turbo si wa bomba, bomba lina shida zake. Nilimaliza kazi ile nikiwa na aibu ya fundi wa mageti, maana kila mahali nilipoisukuma, ilitikisika kidogo.

Siku ikafika, nayo ilikuwa Jumamosi. Babake Wafula alikuwa amekuja jana yake kwa basi, akalala Kiganjo kwa mwanawe. Mzee mrefu, koti zito, kofia, fimbo. Wazee wengine na mbuzi wawili walikuwa kwenye pikapu ya rafiki. Mimi nililala huko pia ili niwaonyeshe njia, ijapokuwa Wafula anaijua njia ya kwetu kuliko mbwa wetu.

Akawasha gari. Fff, fff, fff. Moshi ukatoka kwenye boneti.

"Hii inapumua ama inalia?" mzee akauliza kutoka kiti cha nyuma.

Wafula akazima gari, akafungua boneti, akaona moshi unatoka pale pale kwenye kile kiungo kisichochomelewa. Akanivuta kando. Jasho lilikuwa limemtoka asubuhi ile ya baridi.

"Mulamwa," akaniambia, maana kwao shemeji huitwa hivyo, "jirani ana mashine ya kuchomelea. Funga hapo. Dakika kumi tu."

Tukampigia Mama Ekzosi. Simu imezimwa. Yuko kanisani, tumesahau.

Jirani akaleta mashine, akaichomeka, akanipa rodi mkononi. Mwanangu, sikufichi, mkono wangu ulitaka. Niliona lile tundu dogo likinicheka. Kila kitu nilichojua cha Gatongora kilikuwa kinaniambia ongeza chuma. Nikafikiria mama yangu amesimama getini anasikia fff, fff, na ile kamba kwenye msumari.

Nikairudisha rodi.

"Hapana," nikasema.

"Mbugua, si wewe utaaibika. Ni mimi. Ikikatika njiani nampoteza Njeri. Wewe utapoteza nini?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha. Lilikuwa zuri sana, mpaka leo nalijua. Nikalimeza. "Wafula," nikasema, "nimekuvunjia hii kitu muhula mzima kwa kuikaza. Iache ipate moto. Nitakaa mbele na wewe, na ikikatika nitasukuma mpaka Theta, hutanisikia nikisema neno."

Alinitazama usoni. Nadhani kilichomshangaza ni kwamba sikuwa nimecheka. Akafunga boneti.

Tulitoka Kiganjo tukilia, fff, fff, watu wakigeuka. Tukaingia barabara kuu. Wafula ameshika usukani kama siku ile ya kamba. Mahali fulani kabla ya kufika Juja nikageuka kumtazama mzee nione kama amekasirika. Alikuwa amelala, kofia imemfunika macho, mdomo wazi. Ndipo nilipogundua kwamba kumenyamaza. Sauti ilikuwa imeisha na hatukuiona ikiondoka. Nikamgusa Wafula, nikamwonyesha baba yake kwa kidevu. Akamtazama kwenye kioo, akaachilia pumzi ambayo naona aliishika tangu Aprili.

Tulipanda ile njia ya vumbi ya Theta bila haraka. Mama alikuwa amesimama getini na akina tata, shangazi zetu, leso mpya, mikono kifuani. Kamba ilikuwa pale pale kwenye msumari. Wafula akaingia, akasimamisha gari, akazima. Kukawa kimya. Kisha chini ya boneti ikaanza, ti... ti... ti.

Mama akainamisha sikio. "Na hiyo inayolia ni nini?"

Wafula akanitazama. "Ni chuma kinarudi mahali pake, Mama," nikasema. "Kama mabati jioni."

Mama akainua macho akatazama paa la nyumba yetu, nyumba aliyolala chini yake miaka yote hiyo. Akamtazama Njeri mlangoni. Wakati huo huo mbuzi mmoja akaruka kutoka kwenye pikapu, akaelekea kwenye sukumawiki, na wazee wakaanza kumpigia kelele. Mama akafika kwenye nguzo, akatoa kamba, akamrushia Wafula.

"Kamba yako hiyo," akasema. "Fungia mbuzi. Na usimkaze sana."

Sasa, mwanangu, nimekula andazi lako lote, kwa hivyo pokea nasaha.

Geti ni la kukazwa, kwa sababu kazi ya geti ni kukataa watu. Kitu ambacho moto unapita ndani yake hakitaki hivyo. Rafiki yako ni hivyo. Dada yako ni hivyo. Yule msichana wa mkondo wa pili unayemuuliza kila mapumziko ameketi na nani, yeye hasa ni hivyo. Watu hushika moto kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja ana mguu wa kunyoosha. Mshike kutoka chini, umbebee uzito, lakini uache nafasi ateleze. Ukiona ufa, usikimbilie kuongeza chuma. Uliza kwanza ni nani umemfunga na nani. Na mtu akivuja angali baridi, mpe muda apate moto kabla hujamwita mbovu. Usimzamishe kwenye ndoo ya maji mtu aliyetoka motoni, hata kama ni kwa mzaha. Mzike kwenye majivu ya joto, apoe kwa mapenzi yake. Hilo la mzaha nalisema nikijitazama.

Haya, nenda, kengele imelia. Mungu akupe bomba nene na mkono usiotetemeka. Akupe mtu wa kukukata pingu zako bila kukuonea haya. Wale unaowapenda wafike, hata wakianza safari wakivuja. Na mabati ya nyumbani kwenu yalie asubuhi, yalie jioni, lakini yasivuje kamwe.